Sauti yake, pumzi si yake: uchambuzi wa kisa cha rimiksi ya shabiki hapa Tanga

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu, mwanzoni nilikuwa nasema mambo ya watu yaachwe, ila kila nikigeuka naona madogo wanaingia shimo lile lile na hakuna aliyewaambia. Familia inayohusika niliiuliza, wakasema andika ila usitutaje. Kwahiyo majina yote nimeyatoa, na vitu viwili vitatu vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevisogeza. Dogo aliyetengeneza nitamwita Fundi, msanii aliyefariki ni Marehemu, msanii aliye hai ni Mkongwe. Na niseme mapema watu wasianze kubahatisha: Tanga imetoa Wagosi wa Kaya, imetoa Roma, Muheza hapo imetoa Mwana FA, na hakuna hata mmoja wao aliyemo humu.

Mimi nimo kwenye kisa kama mtu wa kumasta, yani kuusawazisha wimbo mara ya mwisho kabla haujatoka. Faili la mwisho lilipita kwangu kabla ya kutoka, kwahiyo ninayoyaandika mengine nimeyaona kwa macho, mengine nimeyasikia kwenye kikao, na makosa mengine ni yangu.

Usuli

Fundi alikuwa na miaka 23 wakati huo. Mchana anatengeneza simu kwenye kibanda Ngamiani, anabadilisha vioo na sistimu chaji, usiku anarudi chumbani kwake ambako kuna laptopu ya mtumba, FL Studio (programu ya kutengenezea muziki), hedifoni moja nzuri aliyoilipia kidogo kidogo, na godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Hajasomea popote. Sikio analo, na hilo nalisema bila kumpamba, ana sikio kuliko watu wengi wenye studio za kiyoyozi.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa anatengeneza rimiksi za kukutanisha watu ambao hawakuwahi kurekodi pamoja. Alianza na Tupac na Eminem, kama wengi wanavyoanza, maana hao kukutana haikuwezekana kabisa: Tupac alifariki Septemba 13, 1996, Eminem dunia imemjua 1999. Unachukua vesi ya huyu, unachukua vesi ya yule, unatengeneza biti mpya katikati, na kwa dakika 3 unasikia kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Raha yake ni hiyo, na mimi naielewa vizuri sana, kwa sababu sisi tuliokua na kaseti tulikuwa tunakaa kwenye baraza tunabishana nani angemfunika nani, sasa dogo mwenye laptopu anaweza kuwasimamisha wote wawili kwenye maiki moja ubishi uishe.

Na tusidanganyane kwamba huu ni mchezo wa mashabiki peke yao. Lebo zenyewe zimefanya. Eminem aliprodyuzi albamu ya Tupac, Loyal to the Game, ikatoka 2004, Tupac ana miaka 8 kaburini, na mashabiki wengi walilalamika jinsi sauti yake ilivyochezewa pitchi (wembamba na uzito wa sauti) na kasi ili ikae kwenye biti mpya. Mwaka uliofuata ikatoka Duets: The Final Chapter ya Notorious B.I.G., mle ndani Biggie yuko na Bob Marley. Marley alifariki Mei 1981, Biggie akiwa hajatimiza hata miaka 9. Upande wa mashabiki kuna ile kazi ya Danger Mouse ya 2004, The Grey Album, alichukua akapela za Jay-Z, yani sauti peke yake bila ala, akazilaza juu ya muziki wa The Beatles, kampuni ya rekodi ya EMI wakamtaka aache kuisambaza, na Februari 24 mwaka huo watu kibao wakaiweka mitandaoni kwa makusudi kupinga. Kwahiyo Fundi anaingia kwenye njia ambayo imeshakanyagwa na wakubwa. Tofauti ni kwamba wakubwa wana wanasheria, na wenye mirathi wapo mezani toka siku ya kwanza.

Jambo moja dogo la pembeni, kwa sababu nalisikia likikosewa kila siku: Tupac na Biggie walirekodi pamoja. Walikuwa marafiki kabla ya Tupac kupigwa risasi kule Quad Studios New York, Novemba 30, 1994. Hawa sio watu waliokutanishwa na mashabiki, ni watu walioachana. Shikilia hilo neno, tutalirudia.

Wazo lenyewe

Marehemu alikuwa mchanaji wa miaka ya mwanzo ya 2000, zama za kaseti na CD za kuchoma, mtu wa huku kwetu. Alifariki zaidi ya miaka 10 iliyopita. Ana nyimbo chache sana, lakini waliomsikia hawajamsahau. Mkongwe alitamba kipindi hicho hicho, akaacha muziki, sasa anafanya biashara mkoa mwingine. Hawakuwahi kurekodi pamoja, na mtaani kila mtu alikuwa anasema ingekuwaje hao wawili wangekaa biti moja.

Fundi akaamua kuwakalisha hao wawili biti moja, na katikati aweke vesi ya Tupac. Nilimuuliza baadae kwanini Tupac, akasema "ili ieleweke levo." Yani alitaka watu waone Marehemu wao anaweza kusimama pale bila kupungua. Mimi hilo jibu mpaka leo linanigusa, kwa sababu nia ilikuwa heshima tupu.

Kazi ilivyofanyika

Hapa nitakaa kidogo maana kuna mengi ya kujifunza kiufundi, na dogo alifanya baadhi ya vitu vizuri sana.

Biti aliitengeneza mwenyewe. Alitaka ladha ya taarabu ya zamani ya Tanga, ile ya Black Star na Lucky Star, zile vikundi ziliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu na mji mzima ukabadilika. Njia ya mkato ilikuwa akate kipande cha rekodi ya zamani akizungushe. Hakufanya hivyo. Alimfuata mjomba wake anayepiga gitaa, akamwambia mjomba nipigie kitu cha namna hii lakini kiwe chako, mzee akakaa kitandani jioni moja akapiga kama saa nzima, Fundi akachagua baa 4, yani vipande 4 vifupi vya mapigo manne manne. Uamuzi huo ulimwokoa, utaona mbele.

Sauti ya Marehemu ndio ilikuwa mtihani. Akapela hakuna, studio iliyorekodi ilishafungwa, na kilichokuwepo ni MP3 ya ubora mdogo iliyopita kwenye simu za watu elfu. Akaipitisha kwenye programu ya kutenganisha sauti na ala (siku hizi zipo za bure, toka Deezer walipoitoa Spleeter 2019 mambo yamekuwa mepesi), ikatoka sauti kama mtu anaongea ndani ya mtungi, kila "s" imegandana na haihati, zile sahani ndogo za ngoma. Ndipo akakumbuka kuna mzee Makorora ana kaseti halisi. Akaenda, wakaizungusha kwa kalamu maana ilikuwa imelegea, wakaipiga kwenye redio kaseti, waya kutoka tundu la hedifoni mpaka kwenye laptopu.

Kaseti ilikuwa na sauti nzima kuliko MP3, ila ilikimbia. Wimbo ambao kwenye CD una dakika 4 na sekunde 12 kwenye kaseti uliisha dakika 4 na sekunde 5. Mota ya redio ilikuwa inaenda haraka karibu asilimia 3, na kaseti ikikimbia vinapanda vyote viwili, kasi na pitchi, hapo ni karibu nusu semitoni, yani nusu ya hatua kati ya noti mbili jirani. Wengi hapo wangenyoosha kasi peke yake wamuache jamaa anaongea kama mdogo wake. Fundi akapunguza vyote pamoja, kama vile unairudisha mota kwenye mwendo wake, sauti ikashuka ikawa ya mwenyewe. Alinipigia simu saa 7 usiku kuniambia "kaka, amerudi." Nilifurahi nae.

Alafu akaharibu. Biti ilikuwa BPM 93 (mapigo 93 kwa dakika), vesi ya Marehemu inacheza kwenye 92, sio tofauti kubwa, lakini dogo akataka kila neno likae juu ya gridi, ile mistari ya mapigo kwenye programu. Akaikata vesi vipande zaidi ya 60 akavibandika kimoja kimoja. Ikawa imenyooka, na imekufa. Marehemu uchanaji wake ulikuwa wa kuchelewa, neno la mwisho la mstari linaangukia nyuma kidogo ya snea, ile ngoma kali ya kati, kama mtu anayekaa kwenye kiti polepole. Ukimnyoosha humsikii tena. Nilimwambia fungua upya, shika mwanzo wa kila baa 2 tu, hapo katikati muache atembee mwenyewe. Ikapona.

Vesi ya Mkongwe aliitoa kwenye 96 akaishusha, haikuwa na shida. Ya Tupac ilipatikana safi, hiyo napita.

Kitu kingine, na hiki ndicho kilichokuja kuwa kikubwa: kaseti ina mvumo, kati ya mstari na mstari unasikia "shhh". Fundi akaweka geti, yani kifaa kinachofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani. Mvumo ukapotea, na pumzi zote za Marehemu zikapotea nao. Mimi niliposikiliza nikaona imekuwa safi nikasifia.

Maamuzi 3 yaliyobadilisha kila kitu

La kwanza, Mkongwe kwenye vesi yake ya zamani alikuwa na mistari 2 ya kumrushia mtu madongo, bila kumtaja jina, ila watu wa zama hizo walijua anamsema nani. Fundi hakujua, alikuwa mtoto. Yeye aliona mistari inavunja mada akaitoa, akapanga vesi ije mara tu baada ya ya Marehemu, na kwa bahati maneno yanayobaki yakasikika kama Mkongwe anamjibu Marehemu kwa upendo, kama ndugu wawili.

La pili, alitaka mwanzo wa kushtua. Ilikuwa 2024, miezi michache baada ya Drake kutoa wimbo wenye sauti ya Tupac ya akili mnemba, mwezi wa 4, wasimamizi wa mirathi ya Tupac wakamtishia mahakama akautoa. Fundi ile habari aliijua. Aliichukulia kama ugomvi wa matajiri. Akakusanya sauti yote ya Marehemu aliyokuwa nayo, akailisha programu ya kubadilisha sauti, alafu yeye mwenyewe akaongea kwenye maiki: "Tanga mpo? Nimerudi nyumbani." Programu ikatoa kwa sauti ya Marehemu. Sekunde 4 tu.

La tatu ni jina. Aliandika kwamba ni vesi ambayo haijawahi kusikika. Aliponiletea kumasta nilimuuliza ile salamu ya mwanzo kaipata wapi, akasema "nimeitengeneza," nikasema iko poa, nikaendelea na kazi. Kwanini hatukuuliza mtu? Kwake jibu lilikuwa anatoa bure, hauzi, kwahiyo hadaiwi. Kwangu mimi niliona kazi ya kumasta ni kumasta. Hayo ndio yalikuwa mawazo yetu, nimeyaandika kama yalivyokuwa.

Ilipotoka

Ilianzia WhatsApp alhamisi usiku. Ijumaa mchana niliisikia kwenye bajaji, jumamosi kwenye vinyozi Barabara ya 12, na usiku wake kituo kimoja cha redio wakaipiga, mtangazaji akasema ni vesi iliyofichwa miaka yote na imepatikana. Hakudanganya kwa makusudi, alisoma jina la faili.

YouTube ilikuwa habari nyingine. Mashine yao ya kutambua nyimbo ilimshika Tupac hapo hapo na video ikazuiwa. Watu wanachanganya hapa: klemu (dai) ya mashine sio adhabu, mwenye wimbo anachagua aizuie, achukue pesa ya matangazo, au aiangalie tu inavyokwenda. Ungeishia hapo hakuna kilichoharibika. Fundi akapandisha pitchi kidogo mashine isijue, akapakia tena, ikapita siku 2, alafu likaja ombi rasmi la kuondoa na straiki juu yake, yani alama ya adhabu kwenye chaneli. Straiki 3 ndani ya siku 90 chaneli inafutwa na yote yaliyomo. Alikuwa na kazi za miaka 2 mle.

Lakini kilichosimamisha kila kitu sio YouTube. Jumatatu mdogo wake Marehemu, dada mmoja, alikuwa kwenye daladala ya kutoka Pongwe, akasikia sauti ya kaka yake inasema nimerudi nyumbani. Alishuka kabla ya kituo chake. Jioni ile mama nae akawa ameshasikilizishwa na jirani, maana jirani aliona ni habari njema.

Hodi iliyochelewa

Nilipigiwa simu mimi kwa sababu kwenye maelezo nilikuwa nimetajwa kama mtu wa masta. Dada hakugomba. Aliuliza swali moja: "Kaka, hiyo alirekodi lini?" Nilikosa cha kusema.

Usiku ule tuliamua vitu viwili. Kila mahali tunapoweza kuishusha tuishushe kabla ya kwenda popote, hata kama WhatsApp haishuki. Pili twende wenyewe, tusitume mtu wala ujumbe, na twende na mkubwa. Mjomba yule wa gitaa akakubali kutuongoza. Tukaenda baada ya alasiri, tuna sukari na majani ya chai kama mtu anavyokwenda nyumba yenye msiba, japo msiba ulikuwa wa zamani. Fundi nje ya mlango alikuwa anatetemeka.

Mama alitupokea vizuri. Tulimpa shikamoo, akatuitikia, akatuuliza habari za nyumbani, akaletwa mtoto akatupa maji. Alafu mjomba akaeleza kilichotuleta, na Fundi akaomba msamaha kwa maneno yake, bila kujitetea. Mama akamwambia atie ile nyimbo. Fundi akaweka kwa simu, juu ya mkeka, mama akaisikiliza mpaka mwisho wa vesi ya mwanawe, macho yako kwenye simu.

Akasema: "Mwanangu, hii sauti ni yake, pumzi si yake."

Tukanyamaza. Akaendelea: "Huyu alikuwa na pumu toka mdogo. Hasemi maneno mawili hujamsikia kifuani. Mimi nimelala naye kwenye hiyo pumzi miaka mingi. Sasa hapa anasema amerudi nyumbani na hapumui."

Masharti ya familia yalikuja kwenye kikao cha pili, wajomba wakiwepo. Ile salamu ya uongo ifutwe, na faili la kufundishia ile programu lifutwe mbele yao. Ikitoka tena iitwe rimiksi ya shabiki na isemwe vesi imetoka kwenye wimbo gani. Isiuzwe, na kama siku moja ikaingiza kitu kiende kwa mama. Fundi alikubali yote na akafuta pale pale, dada akiangalia skrini.

Mkongwe tulimpata kwa simu kupitia mtu. Tulidhani yeye ndio mwepesi, yuko hai, tunamuomba ruhusa, basi. Alitusikiliza, akauliza mistari yake 2 imekwenda wapi. Fundi akaeleza. Mkongwe akasema, na hii nainukuu kwa ruhusa yake: "Mimi na yeye tuligombana, na hatukupatana mpaka anafariki. Ile mistari nilimsema yeye. Wewe umetupatanisha kwa kompyuta. Mimi sijapatana naye bado." Akasema hataki kuwemo, akatutakia usiku mwema, akakata.

Matokeo

Ile rimiksi ya watu watatu haipo tena rasmi. Tupac katoka, Mkongwe katoka. Imebaki nakala ya Marehemu peke yake juu ya gitaa la mjomba, ina jina la kweli, na hakuna aliyeidai mpaka leo kwa sababu biti ni yao wenyewe na wenye vesi wameridhia. Straiki iliisha baada ya siku 90 chaneli ikabaki. Wanaozunguka na nakala ya kwanza bado wapo, hiyo hatuwezi kuirudisha. Kituo cha redio tuliwapelekea maelezo, wakasahihisha hewani mara moja, usiku.

Mama aliomba kitu ambacho hatukukitarajia. Aliomba vesi bila ngoma. Fundi akarudi kwenye kaseti, akatoa geti, akatumia usiku 3 kupunguza mvumo kwa mkono, sehemu kwa sehemu, akiacha kila pumzi. Ukiisikiliza kwa hedifoni, kabla ya mstari wa 5 kuna kamluzi kadogo ka kifua, kama mlango unafunguka taratibu. Mwanzo tulikaita uchafu. Vesi tuliiweka kwenye memori kadi, ikaingia kwenye kile kiredio chake kidogo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni gitaa la mjomba. Kama Fundi angekata kipande cha taarabu ya zamani, hata hii nakala iliyobaki isingeweza kubaki, maana kungekuwa na mwenye haki wa tatu na wa nne wa kutafutwa. Pia uvumilivu wa kufuata kaseti mpaka Makorora, ambao mwisho wa siku ndio uliompa kitu cha kumrudishia mama mkononi. Na kushusha kwanza kabla ya kwenda. Dada alituambia baadae kwamba alicheki kwenye simu tulipokuwa mlangoni, angeikuta bado ipo asingetufungulia.

Kisheria dogo alikuwa amekosea, na ni vizuri ijulikane kwa sababu "natoa bure" naisikia kila siku. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na haki ya kuibadilisha kazi ni yake na baada yake ni ya warithi. Bure au kwa pesa haibadilishi hilo. Zaidi ya hapo kuna haki ya mtunzi kutoharibiwa kazi yake, ambayo ndio Mkongwe aliishika bila kuitaja kwa jina alipouliza mistari 2 imekwenda wapi. Zama zile za kaseti makubaliano mengi yalikuwa ya mdomo, studio zimefungwa, wasambazaji wamebadilisha biashara, kwahiyo ni kweli kumtafuta mwenye rekodi ni kazi. Lakini nyumba ya Marehemu kutoka kwenye kibanda cha Fundi ni mwendo wa baiskeli dakika 10. Hapo hatuna kisingizio, si yeye si mimi.

Ila nikisema sheria tu nitakuwa nimekwepa. Ile programu ya kubadilisha sauti haitengenezi mtu, inachukua uongeaji wako na kuupaka rangi ya sauti ya mwingine. Mapigo ni yako, kuvuta pumzi ni kwako, unapomeza mate ni wewe. Kwahiyo mama alipousikia ule mwanzo alisikia kifua cha Fundi ndani ya sauti ya mwanawe, na alikuwa sahihi kwa asilimia 100 kiufundi, kuliko mimi mwenye spika za kumasta. Na kwenye vesi ya kweli, ambayo ilikuwa yake kabisa, sisi tukaifunga pumzi kwa geti. Uongo ukapumua, ukweli ukanyamaza. Toka siku ile rekodi ya zamani ikiletwa kwangu siwashi geti, nasafisha kwa mkono hata kama ni usiku kucha.

Kingine ni maana ya kuweka watu wawili kwenye wimbo mmoja. Tulikuwa tunafikiria sauti: je zinakaa, je chumba kinafanana, je kasi inalingana. Lakini msikilizaji akisikia wawili wamekaa biti moja anaelewa kwamba hawa walikubaliana kukaa. Ile ndio habari kubwa kwenye wimbo wa kushirikiana, kubwa kuliko mistari. Tupac na Eminem haina shida hiyo kwa sababu kila mtu anajua hawakuweza kukutana, hakuna anayedanganyika. Ila watu waliokuwa mji mmoja, zama moja, na hawakurekodi pamoja, mara nyingi kuna sababu, huenda ni watu walioachana. Unaweza usiijue. Fundi aliitoa ile mistari kwa sababu ya mada, na kumbe ile mistari ndio ilikuwa jibu la swali alilokuwa anauliza mtaa mzima, kwanini hawa hawakuwahi kukutana. Alikuwa nayo mkononi akaifuta. Swali la "kwanini hawakurekodi" liulizwe kabla ya kufungua programu, kwa mtu mzima anayekumbuka, sio kwa sababu ya kuogopa, ni kwa sababu bila hilo jibu hujui unachokitengeneza.

Na jina la faili. Kama ingeandikwa "rimiksi ya shabiki" toka alhamisi, mtangazaji angesema rimiksi ya shabiki, jirani angeenda kwa mama na rimiksi ya shabiki, na yule dada asingeshuka kwenye daladala. Ni maneno 3 tu kwenye jina, dogo aliyaacha kwa sababu yanapunguza msisimko, mimi niliyaona hayapo nikanyamaza.

Fundi bado anafanya rimiksi. Siku hizi wazee wanamletea kaseti, yule wa Makorora ameleta boksi zima, na anazihamisha moja moja akiandika nani anasikika na nani wa kuulizwa. Faili la vesi ya Mkongwe lipo, tumeirudishia mistari yake 2 kama ilivyokuwa, iko foleda ya peke yake. Namba yetu anayo. Mpaka naandika hii hajapiga.